Ratili Kumi na Mbili

Kamani nne zimelala kwenye kisanduku cha vidonge,
kile chenye vyumba vya siku za juma:
Jumatatu ratili kumi, Jumanne kumi na mbili,
Jumatano kumi na nne,
Alhamisi kumi na sita, iliyokuja na bastola toka kiwandani.
Ijumaa hadi Jumapili hamna kitu.

Ratili! Neno hili nililizika Tanga
siku duka la mama lilipoletewa mizani ya kilo.
Sukari ikabadili kipimo, mchele ukabadili kipimo,
na mimi nikachapwa shuleni kwa hesabu za jana.
Leo nimelikuta Duluth, Minnesota, li hai, lina afya,
linapima ubishi wa waya uliosokotwa.

Mwaka juzi nisingeuliza. Kumi na sita ilinitosha.
Kisha barafu ya Mtaa wa Nne, ule mteremko,
ikanibwaga mbele ya basi la shule,
watoto wote dirishani,
na kifundo cha mkono kikaunganishwa kwa skrubu tatu.
Daktari akasema: utapika, utaandika.
Sikumwambia nifanyalo Jumanne usiku
kwenye handaki la klabu, chini ya ukumbi wa harusi,
mkono mmoja mbele, wa pili mfukoni.

Nikapunguza baruti, kwa kuuhurumia mfupa.
Bastola ikaikataa huruma.
Kitelezi kikarudi nusu safari, kikaghairi,
ganda likabanwa mlangoni, limesimama wima
kama bomba la moshi juu ya paa.

"Usiniulize mimi," akasema Reino Kettunen,
fundi mstaafu wa reli, huongea kama analipia kila neno.
"Yaulize maganda."

Basi nikayauliza.
Kumi na nne: yakanidondokea miguuni, yamechoka,
moja, la moto, likaingia kwenye soksi.
Kumi: yakaruka hadi kwa jirani wa njia ya sita,
akanitazama;
na kitelezi kiliporudi kilirudi kivivu,
masizi yalipozidi hakikufunga,
kikaacha mwanya wa unene wa ukucha.
Kumi na mbili: hatua mbili, kulia, nyuma kidogo,
rundo moja, kama kuku aliyechagua pa kutagia.

"Na jicho," akaongeza Reino,
na nikajua maneno hayo yamemgharimu.
Jicho, ndiyo. Ile kamani nzito
hufunga kitelezi kama mtu anayebamiza mlango
hadi picha za ukutani zikae upande:
mtutu huinama, unaanza tena kuutafuta weusi wa shabaha
na saa haikungoji.
Hii ilinirudisha palepale nilipokuwa,
kana kwamba sikufyatua.

Risasi tano kwa sekunde kumi.
Nne zikakaa ndani, zinagusana mabega.
Ya tano niliitaka mno.
Mkamia maji hayanywi:
ikaenda saba, chini kushoto,
na kwa hilo Reino hana kamani.

Nikaandika daftarini: kumi na mbili, Januari, mkono huu.
Akasema nihesabu risasi; ikifika elfu mbili
niilaze kando ya mpya, nione imefupika kiasi gani.
Akakitazama kifundo changu, akageuka,
akaanza kufagia shaba.

Nikafika nyumbani saa nne, theluji mabegani.
Asubuhi Shebughe, miwani hajavaa,
akafungua kisanduku kisicho chake,
akashika kamani ya Alhamisi kati ya vidole viwili.
"Mke wangu," akaniita toka jikoni,
"hii nayo nimeze kabla ya chai
au baada?"