Pengo

Nilishuka Mbeya na viatu vya Nachingwea,
ndala za mtu wa mikorosho,
na mvua ya Novemba ikanihesabu vidole vyote kumi.

Chumba kiko Ilomba, uani kwa Mama Tusajigwe:
kitanda cha futi tatu na nusu, meza inayochechemea,
dirisha linalotazama ukuta, ukuta unaotoka jasho.
Sharti lilikuwa moja, akalisema mara mbili:
"Jiko la mkaa usilale nalo ndani, mwalimu.
Baridi haijaua mtu hapa. Mkaa umeua."

Asubuhi hunisalimu, "Ugonile?"
Nikauliza maana yake, wanawe wakacheka:
"Anakuuliza kama umelala."
Salamu gani hii inayompekua mtu!
Sikulala. Nilikesha nimejifunga
kanga juu ya kitenge, kitenge juu ya sweta,
sweta juu ya mwanafunzi wa miaka thelathini na minane.

Darasani tuko kumi na mmoja.
Wenzangu wana harufu ya mahafali bado;
huniita Madamu, hunipisha mlangoni,
na wakitumiana makala kwa simu
husahau kwamba nami nina simu.
Miaka kumi na minne nimesimama mbele ya ubao.
Sasa nakaa kiti cha nyuma, nanyoosha kidole,
nasubiri niitwe.

Koti nililipata Mwanjelwa, mtumba, la mwanamume mrefu;
mikono yake hunipita,
nikafuta glavu kwenye bajeti.

Wiki ya tano wingu likafunguka, niko bombani na ndoo,
nikaona mlima mzima umesimama nyuma ya nyumba zetu
kama mgeni aliyebisha hodi siku zote nisimsikie.
"Huo?" akasema Mama Tusajigwe, akipepeta mchele wa Kyela.
"Loleza. Ulikuwepo."

Andiko langu lilirudi Januari.
Dokta Mwaisumbe ana kalamu nyekundu, hana maneno mengi.
Kurasa ishirini na mbili,
na pembeni mwa kila sura swali lile lile:
Pengo liko wapi?

Nilikuwa nimeandika juu ya watoto wa darasa la pili,
wanavyosoma kwa sauti, wanavyokwama.
Nilinukuu wakubwa arobaini,
na hao arobaini walishaziba kila tundu.
Nikakaa maktaba mpaka mlinzi akaanza kuzima taa
moja moja, kwa adabu, akianzia upande wa mbali.

Usiku huo akapiga Somoe, kwa simu ya bibi yake,
na dakika za bibi ni za kuhesabu.
"Mama! Jino limeng'oka! La mbele!
Bibi kalitupa juu ya bati.
Thatha mwalimu kathema thijui kuthoma."
"Unajua?"
"Najua. Ni meno."

Ikakatika.

Nikabaki nimeishika simu kama kikombe kilichopoa.
Wakaanza kunijia, mmoja mmoja, vifutio mkononi:
Nandonde, Sharifa wa muuza vitumbua,
wale mapacha wa Chilumba,
wote wa umri wa kung'oka meno,
wote niliowaandikia "hajui" na kupiga mstari.
Herufi ilikuwepo kichwani,
imekosa meno ya kupitia.
Nani aliwahi kuwafungua vinywa akatazama?
Si wale arobaini. Wala si mimi,
na kalamu yangu pia ilikuwa nyekundu.

Nikalitoa jiko nje kama nilivyoagizwa,
nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi.

Jibu lilikuja Ijumaa, mstari mmoja:
"Hapa pana kitu. Marejeo yako wapi?"

Sina marejeo, Dokta.
Nina mtoto mmoja, mwendo wa siku mbili kutoka hapa,
anayejiita Thomoe,
na jino lake liko juu ya bati, linanyeshewa.

Alfajiri Mama Tusajigwe akapita na ndoo.
"Ugonile?"
"Bado," nikamjibu,
nikaenda kuchochea mkaa wa chai.