Kumi na Saba

Fundi alisema Alhamisi, labda Ijumaa,
na bei aliyoitaja nikaicheka papo hapo kwenye simu.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Winipegi imekakamaa,
theluji inalia chini ya viatu kama wanga uliobanwa,
na tanuri la gesi huko chini
linawaka likijisikia, linazima likinuna.

Basi nimesimama na bisibisi ya Baba
mbele ya kile kiduara cha dhahabu ukutani
tulichokatazwa utotoni kukigusa.
Taras alikigusa mara moja, mwaka ule wa mafua,
akakisogeza hadi ishirini na mbili.
Baba akarudi alfajiri kutoka karakana ya treni,
akasimama mlangoni na koti lake, akanusa hewa
kama mtu aliyeingiliwa na mwizi.
"Nani anapasha joto barabara?"
Tangu siku hiyo, utepe mwekundu juu ya kumi na saba,
nasi tukajifunza kuvaa soksi mbili mbili
na kugombania paka.

Kwenye sanduku la umeme kila swichi ina jina,
Kiukreni cha penseli, herufi zimelala kama wagonjwa.
Nikaona "pich". Nikazima.
Nikapanda ngazi kifua mbele.

Ndani ya kifuniko, kwenye kichupa cha kioo,
tone la zebaki, zito, linang'aa.
Nikakiinamisha, likakimbilia upande wa pili.
Miaka arobaini tone hili ndilo lililoamua
nani alale na kofia.

Nyuma yake ukuta ulikuwa wa kijani,
kijani cha Mama, nilichokuwa nimekisahau,
duara moja kamili,
kama ngozi iliyojificha chini ya saa ya mkononi.
Nyaya nne: mwekundu, mweupe, wa manjano, wa kijani,
na wa buluu uliojikunja tunduni peke yake,
mgeni wa harusi asiyejua yuko upande wa nani.
Nikapiga picha. Nikabandika vibandiko.
Nikajiambia, kazi ya mtoto hii.

Mwekundu ukaugusa wa buluu, kiasi cha unywele.
Cheche moja, haina hata sauti ya maana,
na huko chini nyumba ikanyamaza
kimya ambacho sikuwahi kukisikia humu.

"Pich" ni tanuri. Ni jiko pia.
Lugha ya Baba ina neno moja kwa vyote viwili vinavyowaka,
na mimi nilikuwa nimezima la kupikia.

Kipimajoto cha kuchomea nyama: kumi na tano. Kumi na nne.
Nikashuka, safari hii nikazima kila kitu,
tochi mdomoni, nikafungua kifua cha tanuri.
Fyuzi ndogo ya kahawia, amp tano, uzi umekatika.
Miaka kumi na tisa nimeendesha basi la shule,
fyuzi za namna hii nazijua kama meno yangu.
Koti juu ya koti, hadi kwenye gari,
nikang'oa ile ya taa ya ndani.
Gari litakaa gizani hadi Machi. Na likae.

Kidude kipya kikaniuliza lugha, tarehe, jina la nyumba.
Jina la nyumba! Nikaandika: Nyumba.
Tiki. Chini kukaguna, kukavuma,
na hewa ya kwanza ikaja na harufu ya vumbi lililoungua.

Cha zamani nimekitia kwenye mtungi wa achari;
zebaki haitupwi pamoja na maganda ya viazi.
Utepe bado umekishika.

Saa moja jioni Baba akapiga kutoka nyumba ya wazee,
ambako joto hupangwa na ofisi
naye hulala bila blanketi, akilalamika.
Hakuniuliza hali.
"Umeweka ngapi?"

Nikatazama ukutani. Ishirini na moja,
na kijani cha Mama kikichungulia pembeni,
maana kipya ni kidogo kuliko cha kwanza.

"Kumi na saba, Baba."

Akanyamaza. Nikasikia televisheni ya jirani yake.
"Lesia," akasema, "mbona husikiki
kama mtu aliyevaa kofia?"