Candiga na Chandiga

Basi la usiku kutoka Arua limenishusha Bombo
saa kumi na moja alfajiri, giza bado,
na mama mmoja wa Kinubi akanikatia gurusa ya moto
kabla hajaniuliza nimefuata nini.
Nimefuata herufi, nikamwambia.
Akacheka, akanimiminia chai.

Mkobani: picha moja, utepe uliochujuka,
na hati ya kiapo yenye mhuri wa wakili,
elfu hamsini bila risiti,
isemayo kwa lugha ya mahakama
kwamba Candiga na Chandiga ni mtu mmoja,
mwili mmoja, kovu moja chini ya goti la kushoto.

Maana ndani ya kabati la kumbukumbu
baba yangu ni watu wawili.
Candiga hulipwa pensheni. Nishani: HAKUNA.
Chandiga ana nishani mbili,
hana mke, hana kijiji, hana akaunti ya benki.
Karani fulani, mwaka fulani, alisikia jina
akaliandika lilivyomgonga sikio,
na ile H moja ikabeba ushujaa wote wa mzee
ikaenda nao faili jingine.
Miaka ishirini na mitatu wamelala droo moja
hawajasalimiana.

Koplo wa zamu ni kijana, rika la mwanangu.
"Mama, rudi Jumatatu."
Jumatatu nne nimekwisha kurudi.
Basi nikakiweka kando Kiswahili changu cha darasani
nikatoa cha baba, kile cha kambini,
kisichojua tafadhali,
kile tulichokisikia utotoni pamoja na buti mlangoni,
tukaficha vikombe:
"Kijana! Simama vizuri. Fungua droo."
Akasimama.
Mimi mwenyewe nilishtuka.
Akafungua.

Faili nene. Faili jembamba.
Katika hili jembamba, ukurasa uliotafunwa na mende pembeni:
*kivuko cha Aswa, chini ya risasi, alivusha redio,
akarudi majini, akambeba majeruhi.*
Mstari mmoja wa taipu.
Nyumbani hakuwahi kutusimulia hayo.
Alitusimulia mvua, na buti za namba nane
walizompa mtu wa namba kumi.

Koplo akachukua rula.
Akapiga mstari juu ya HAKUNA,
polepole, kama mtu anayeshona jeraha,
akaandika nishani ya kwanza, akaandika ya pili,
sahihi, tarehe, mhuri.
Na zenyewe ziko wapi?
"Stoo hazipo, mama. Ila zimeandikwa."
Zimeandikwa.

Nje, kwenye kivuli cha bati, nikampigia.
Macho yake yalikwisha kustaafu. Sikio lingali askari.
Soma, akasema. Nikasoma.
Soma tena, na tarehe. Nikasoma na tarehe.
Halafu kimya, nikasikia kuku wake,
redio ya jirani, mtu anapasua kuni.
Nikadhani analia. Nikampa nafasi.

"Huyo majeruhi, wamemwandika jina?"
Nikaitazama nakala.
Hapana, baba. Majeruhi tu.

"Obitre. O kubwa, B moja.
Alinifia mgongoni, upande ule wa pili,
sikujua mpaka nilipomshusha.
Nilikuwa bado naongea naye.
Mjane wake yuko Maracha, anauza mihogo,
na kwenye vitabu vyao mumewe alitoroka jeshi."
Akakohoa.
"Foleni ni ndefu?"

Nikageuka. Watu kumi na wanne, wengi wanawake,
kila mmoja na mkoba wake kifuani
kama mtoto asiyetakiwa kuamka.

Si ndefu sana, nikasema,
nikaenda kusimama nyuma.