Bahasha Namba 214

Jumanne kengele haikulia.
Mvuta kamba alikuja kwangu kwanza,
kofia mkononi, tope la mfereji magotini,
akauliza, "Mhazini, bibi Ndeanasia yukoje?"
Hakuuliza habari ya roho. Aliuliza daftari.

Nikalifungua.
Ukurasa una doa la chai ya mwaka juzi.
Mia mbili kumi na nne:
ahadi elfu thelathini, ametoa elfu nne.
Jengo, hajatoa.
Bati, hajatoa.
Gari la mchungaji, hajatoa,
na gari lenyewe halijawahi kufika kwake,
kule njia inapokatwa na korongo
na watu wa Machame, masika, hushuka kwa makalio.

Utaratibu tuliupitisha wenyewe kwa kunyoosha mikono:
mwenye deni la miaka miwili atazikwa na mzee wa mtaa,
bila joho, bila kwaya, bila kengele.
Nami niliunyoosha wangu.
Nakumbuka, koti lilifumuka kwapani.

Sasa niseme kisichomo daftarini.

Kila Jumapili, baada ya baraka, mnada.
Mkungu wa mshare, jogoo kafungwa miguu,
maparachichi kwenye ndoo ya rangi,
na mayai manne ndani ya jani kavu la mgomba,
fundo lake limekazwa kwa mkono wa kushoto.
Hakuna aliyeuliza ni ya nani.
Sadaka ya mnada haina jina;
huingia kwenye jumla, mstari mmoja: Mazao.
Mayai yale nilinunua mimi.
Nilitaja bei ya kwanza, na watu,
kwa kuheshimu cheo, hawakunipandia.
Mia mbili yai. Dukani kwa Elinami ni mia nne.
Nikayala kwa chumvi, miaka sita,
Jumapili jioni, nikijumlisha fedha za Bwana.

Nilishuka korongo kwenda kumwona.
Uani palikuwa na kuku mmoja.
Jikoni, juu ya kichanja, majani makavu
yamekatwa urefu mmoja, yamepangwa,
na mayai mawili tayari yamelazwa juu ya jani.
"Ni ya Jumapili," akasema Aikande, mjukuu.
"Tunangoja mawili."

Sikulia, msinisingizie.
Ni mafua ya Julai, na kule kupanda.

Wazee wa kanisa wakakaa.
Ndetaramo akasema, sheria ni msumeno.
Mama Eliaichi akajibu, sawa,
ila mti wenyewe umeshaanguka, mnakata nini?
Mchungaji akatazama saa,
akatazama joho lake kwenye msumari.
Mimi nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
mayai manne, Jumapili hamsini na mbili, miaka sita,
kwa bei ya duka, toa nilicholipa.
Laki mbili, elfu arobaini na tisa, mia sita.
Nikaisoma kwa sauti, kama ninavyosoma matangazo.
Anayedaiwa, nikasema, ni mimi.
Mtu akakohoa.
Hakuna aliyeniambia kaa.

Alhamisi ililia, kwa kuchelewa,
kamba ilikatika mara moja ikaungwa.
Mchungaji alishuka korongo kwa makalio,
joho limekunjwa kwapani kama nguo ya dobi,
na kwaya nyuma yake, sauti ya tatu ikicheka
hadi ilipoona kaburi kati ya migomba.

Nimelipa elfu arobaini. Salio naliandika kwa kalamu nyekundu.
Kwenye ukurasa wake nimeweka jani la isale;
maji yake yamelowanisha neno hajatoa,
lakini bado linasomeka.
Utaratibu nao upo, umebandikwa ubaoni,
pini moja imechomoka.

Jumapili iliyofuata mayai yalikuwepo,
manne, fundo la mkono wa kulia, limelegea.
Nikataja mia nne.
Nyuma yangu, mtu akasema, mia tano.