Mstari wa Mia Mbili na Kumi

Oulu, saa tisa alasiri, giza limeshaingia.
Faili ni moja, mikono miwili:
mimi nimeandika nyuzi joto kumi na nane,
Ilmo, bila habari, kaandika ishirini na moja,
na nyanya za kwenye banda la vioo
hazijui zimtii nani.

Tukatafuta chombo cha kutupatanisha, cha bure,
maana mfuko wa Ilmo umetoboka tangu vuli.
Cha kwanza kilikuwa bure siku thelathini:
bure yenye kitanzi.
Cha pili kikapaka nyekundu kila nafasi tupu,
kama mwalimu anayesahihisha pumzi.
Cha tatu, sura mbaya, herufi kama kunguni,
lakini kinafungua madirisha matatu:
lake, langu,
na la zamani, kabla hatujatofautiana.

Hapo tukanyamaza.
Mstari wa mia mbili na kumi, mwezi Machi,
mkono wa marehemu Eevertti:
«Kumi na tisa. Msibishane. Gusa majani kwanza.»

Ilmo akaguna, kisha akacheka, kikombe kikamwagika
juu ya kibodi yangu.
Tukabofya: rudisha la zamani.

Kesho nitakwenda bandani bila glavu.