Makala ya Thelathini na Nane

Dada yangu Mwanahadiye anataka uprofesa,
nami ndiye mpiga chapa wake, hapa Langoni,
printa ikikohoa, wino ukingoni.
Makala sitini na moja. Nimezihesabu
kama mahari, mbele ya mashahidi.

Ile ya vipokezi vya ubongo wa panya
imenukuliwa mara elfu moja mia tisa na nne.
Osaka, Lyon, Toronto, wasioijua Lamu
wanamtaja kwa jina la ukoo tu: Famau.
Babu yetu Famau alitia sahihi kwa dole gumba.

Ya thelathini na nane, mara tatu.
Mbili kajinukuu mwenyewe.
Ni ile ya wenye kifafa wanaofunga Ramadhani,
dawa yao inyweweje kati ya futari na daku.
"Itoe," kaniambia kwa simu. "Inanishusha."

Nikatoka kutafuta wino.
Kwa Twalibu wa duka la dawa, ukutani,
karatasi imegeuka rangi ya chai,
mwandiko wa penseli: futari hivi, daku hivi.
Jina hapana. Mwaka hapana.
"Umeitoa wapi?"
"Mbona ipo siku zote."
Mwana wa Bi Zuhura kaingia na cheti chake,
mfungo ishirini na mbili,
midomo mikavu, magoti hayana jeraha jipya.

Nimerudi. Nimeiacha ilipo.
Ila pale penye tatu
kidole kilisita, kisha kikapiga nne.
Wakiuliza wa nne ni nani,
waje Langoni.