Mvuto wa Nne

Kamba ilikuwa ya katani, rangi ya chai ya maziwa,
na Tenywa ndiye aliyeishika, ameketi ukingoni mwa boti
akitafuna njugu.
Mvuto mmoja: niko salama.
Miwili: ongeza kamba.
Mitatu: nipandishe.
Wa nne hatukuupanga.

Nilijifunzia bwawa la hoteli pale Jinja,
wageni wakiwa bado wamelala,
kwa Balikowa, aliyewahi kuosha masufuria Malta
akarudi na mtungi mmoja wa hewa na masimulizi mengi:
kwamba Mediterania maji ni kioo,
mtu huiona meli iliyozama kabla hajalowa nywele,
matumbawe mekundu, pweza kajikunja mlangoni
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
"Huku kwetu," alisema, "utaona kwa vidole.
Na upande polepole, binti. Ziwa letu liko mlimani."

Siku hiyo, nje ya Masese, maji yalikuwa mchuzi wa kisamvu.
Mita mbili, sikuyaona tena mapezi yangu.
Mita tano, jua likawa sarafu iliyochakaa.
Mita tisa, baridi ikanipata shingoni, pale suti ilipotatuka,
na mkanda wa risasi ukanivuta kiunoni
kama mtoto anayetaka kwenda nyumbani.
Pumzi yangu ilikoroma ndani ya bomba;
niliihesabu kama mchuuzi anavyohesabu chenji.

Kisha chuma.

Nilikigusa kabla ya kukiona.
Meli ya pamba, walisema, ilizama babu zetu wakiwa vijana;
jina lake halimo tena kichwani mwa mtu.
Kirunda hakutaka jina. Alitaka rafadha,
shaba kilo mia mbili, mnunuzi anangoja Kampala,
na mimi laki tano, nusu mkononi.
Nyuma yangu wangekuja wenye winchi na misumeno.

Nikaipata. Mabawa matatu, mazima.
Nilifuta tope, ikang'aa kama jino la dhahabu.
Mvuto mmoja: niko salama.
Ilinipasa kugeuka hapo.

Lakini ubavuni mwa boila palikuwa na tundu,
nikaingiza tochi.

Nkejje.
Wale aliowaanika bibi yangu Mafubira, katunga vijitini,
dawa ya mtoto mwenye surua;
wale ambao mama huwataja kwa "walikuwa"
tangu sangara aje na kinywa chake.
Walikuwa humo: bluu ya sare ya shule,
wekundu wa pilipili,
mmoja manjano, manjano ya dumu jipya la maji.
Jike likafungua mdomo, na vitoto vyake vyote vikaingia
kama familia inayokimbilia ndani mvua ikianza.
Nje, mgongoni kwangu, kitu kirefu kilipita,
kikasita, kikageuka. Tundu halikumtosha.

Nilikaa. Sindano ya geji ilikuwa inashuka, nikaitazama
kama barua ya mtu mwingine.
Kamba ikatikisika: Tenywa anauliza.

Nikachota tope kwa viganja viwili,
nikaifunika shaba, bawa moja, bawa la pili,
kama mtu afichaye sufuria wageni wakibisha hodi.
Bawa la tatu lilikataa kufunikika. Nikalilazia ubao.

Ndipo nikavuta.

Juu, Kirunda alikuwa na viatu vyeupe, simu sikioni.
"Vipi?"
Nikatema maji, nikatema na uongo:
"Kutu tupu, mzee. Wenzako walishaibeba."
Akadai nusu yake. Nikamrudishia gatini, noti kwa noti,
ikipungua ile elfu thelathini niliyojazia mtungi,
naye akanitukana kwa hiyo elfu thelathini.

Tenywa alikunja kamba, duara juu ya duara.
Tulipofika njia panda akanipa njugu zilizobaki.
"Ulivuta mara nne," alisema.
"Mara tatu."
"Nne. Ile ya nne ilikuwa laini,
kama ya mtu anayecheka."